Filamu ikihamishwa kutoka majumba ya sinema kwenda mtandaoni, malipo ya mwigizaji yanalindwaje?

Mwanafani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Nimekabidhiwa rasimu ya mkataba wa kuigiza katika filamu ndefu, nikiwa mhusika msaidizi mwenye matukio mengi, na kabla sijatia saini ningependa kusikia mawazo ya wenye uzoefu. Rasimu inanipa malipo ya awali yaliyo chini ya yale ninayolipwa kwa kawaida, kisha inaahidi bonasi kila mara mapato ya tiketi katika majumba ya sinema yatakapovuka viwango vilivyotajwa. Bonasi hizo ndizo zilizonifanya nikubali kupunguziwa malipo ya awali.

Kinachonisumbua ni kifungu kingine, kurasa kadhaa mbele, kinachompa mtayarishaji haki ya kuionyesha filamu “kwa njia yoyote inayojulikana sasa au itakayobuniwa baadaye, popote na kwa muda wote”, tena kwa uamuzi wake peke yake. Nikivisoma vifungu hivi viwili kwa pamoja, naona kwamba filamu inaweza kupelekwa moja kwa moja kwenye jukwaa la mtandaoni bila hata tiketi moja kuuzwa, na mtayarishaji asiwe amevunja sharti lolote. Yeye ananiambia kwa mdomo kwamba nia yao ni majumba ya sinema. Sina sababu ya kumdhania vibaya, ila mtu ninayeelewana naye leo anaweza kuwa amekwisha kuhama kampuni filamu itakapokamilika.

Naomba kufahamishwa mambo mawili: ni maneno gani niyaombe yaongezwe ili bonasi zangu zisipotee filamu ikihamishiwa mtandaoni, na je, mwigizaji wa ngazi yangu hupata chochote filamu inapoendelea kutazamwa mtandaoni miaka kadhaa baada ya kutoka? Naomba kuwasilisha.

Karani wa Mikataba alijibu:

Ndugu Mwanafani, umeisoma rasimu yako vizuri na hofu yako ina msingi. Kisa kinachofanana sana na chako, ingawa fedha zake ni za kiwango kingine kabisa, ni cha mwigizaji Scarlett Johansson na kampuni ya Disney mwaka 2021. Filamu ya Black Widow ilitoka Julai 9 mwaka huo katika majumba ya sinema, na papo hapo ikawekwa kwenye Disney+, jukwaa la mtandaoni la kampuni hiyo, ambako mteja aliweza kuitazama nyumbani kwa kulipa dola 29.99 juu ya ada yake ya kawaida. Wikiendi ya kwanza iliingiza takriban dola milioni 80 katika majumba ya Marekani na Kanada, na Disney yenyewe ikatangaza kwamba zaidi ya dola milioni 60 zilipatikana kupitia jukwaa lake. Julai 29 Johansson alifungua kesi mjini Los Angeles akidai kwamba bonasi zake, zilizopimwa kwa mapato ya tiketi, zilimegwa na uamuzi huo.

Tazama jinsi mkataba wenyewe ulivyoandikwa. Ulisema kwamba filamu ikitolewa, itatolewa kwa upana katika majumba ya sinema, yaani kwenye skrini zisizopungua 1,500. Haukusema kwamba kwa siku kadhaa za mwanzo majumba hayo yatakuwa mahali pekee pa kuitazama. Upande wa Johansson ulieleza kwamba mkataba ulipoandikwa kila mtu katika sekta alilielewa sharti hilo kuwa ni la majumba ya sinema peke yake kwa takriban miezi mitatu hadi minne. Disney ilijibu kwamba filamu ilionyeshwa kwenye skrini zaidi ya 9,000 nchini Marekani, kwa hiyo sharti la skrini 1,500 lilitimizwa na kupitilizwa. Hati ya mashtaka ilitaja pia barua pepe ya mwaka 2019, ambamo mwanasheria mkuu wa Marvel, kampuni tanzu ya Disney iliyotengeneza filamu hiyo, aliwaandikia wawakilishi wa mwigizaji kwamba mpango ukibadilika itabidi wazungumze na kufikia maelewano, kwa kuwa makubaliano yalijengwa juu ya bonasi kubwa za mapato ya tiketi. Barua ile ilikuwa na uzito kuliko neno la mdomo kama ulilopewa wewe, lakini bado ilikuwa ahadi ya kuzungumza tu, isiyotaja kiasi wala kanuni ya kukokotoa. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama mwishoni mwa Septemba 2021 kwa masharti ambayo hayakutangazwa, hivyo hakuna hukumu ambayo wewe au mimi tunaweza kuinukuu mbele ya mtayarishaji.

Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 2020, Warner Bros. ilikuwa imetangaza kwamba filamu zake zote 17 za mwaka 2021 zingetoka kwenye jukwaa la mtandaoni la HBO Max kwa siku 31, siku ileile zinapoingia katika majumba ya sinema ya Marekani. Wasanii wengi na mawakala wao walipata habari hiyo pamoja na umma. Baadaye studio ililazimika kukaa na wasanii wakubwa mmoja mmoja na kuwafidia, na kwa mujibu wa vyombo vya habari malipo hayo yalizidi dola milioni 200 kwa jumla. Fidia hiyo ilikwenda kwanza kwa wale ambao studio isingetaka kuwaudhi. Mhusika msaidizi hana nguvu hiyo, na ndiyo maana yeye hasa anahitaji kila kitu kiandikwe mapema.

Kwa hiyo ningekushauri uombe maneno ya namna hii: “Iwapo filamu itapatikana kwa njia yoyote ya mtandaoni kabla ya kupita siku 45 tangu ilipoanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema, au iwapo haitaonyeshwa katika majumba ya sinema kabisa, bonasi zote zilizotajwa zitahesabiwa kuwa zimefikiwa, na zitalipwa ndani ya siku 30.” Idadi ya siku mnaweza kuvutana juu yake. Mtayarishaji akikataa bonasi zote, mkubaliane asilimia fulani ya bonasi hizo, au kiasi maalumu kitakachochukua nafasi yake. Jambo ambalo hupaswi kuliachia ni kanuni yenyewe, yaani tukio moja linalojulikana wazi na kiasi kimoja kinachojulikana wazi, bila kumngojea mtu akubali kukaa mezani. Ongeza pia kwamba sharti hilo litamfuata yeyote atakayeinunua filamu au kurithi haki zake, kwa sababu filamu nyingi huuzwa zikiwa tayari zimekamilika, na mnunuzi atasema kwamba yeye hakuwahi kukuahidi chochote.

Tamthilia alijibu:

Naungana na Karani, na nitaligusa swali la pili, kwa sababu kwa waigizaji wengi bonasi za mapato ya tiketi hazipo kabisa katika mikataba yao. Kinachowasaidia kuishi kati ya kazi moja na nyingine ni malipo ya marudio, yaani kile kinacholipwa kila filamu inapouzwa au kuonyeshwa tena nje ya majumba ya sinema.

Nchini Marekani haki hiyo ilipatikana kwa mgomo. Mwaka 1960 waigizaji waligoma kuanzia Machi hadi Aprili wakidai sehemu ya fedha ambazo studio zilikuwa zikipata kwa kuziuzia televisheni filamu za zamani. Walifanikiwa kwa filamu zilizotengenezwa kuanzia mwaka huo, lakini kwa zile za kabla yake walikubali mkupuo wa dola milioni 2.25 za kuanzishia mfuko wa pensheni na afya. Waigizaji waliokuwa wameng’ara miaka ya arobaini na hamsini waliendelea kujiona kwenye televisheni bila kupata hata senti, na baadhi yao hawakuyasamehe makubaliano hayo hadi wanazeeka. Nalitaja hili kwa sababu kila njia mpya ya kuonyesha filamu inapoingia, mjadala huwa uleule, na anayechelewa kuweka sharti ndiye anayebaki nje.

Utaratibu wa sasa chini ya mikataba ya SAG-AFTRA, chama cha waigizaji cha Marekani, una sura mbili, na wengi huzichanganya. Filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema, kisha ikapewa leseni ya kutiririshwa, yaani kuonyeshwa mtandaoni, huwapa waigizaji wote kwa pamoja asilimia 3.6 ya fedha anazopokea msambazaji, na kiasi hicho hugawanywa kati yao kwa kuzingatia muda waliofanya kazi na mishahara yao. Leseni ikiuzwa ghali, fungu linakua. Filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya jukwaa lenyewe hufuata njia nyingine. Malipo ya awali hufunika siku 90 za kwanza, na baada ya hapo mwigizaji hulipwa kiasi kinachotokana na mshahara wake, ukubwa wa jukwaa kwa hesabu ya wateja wanaolilipia, na umri wa filamu, ambapo asilimia hupungua mwaka hadi mwaka. Katika hesabu hiyo yote, kwa miaka mingi hapakuwa na mahali pa kuuliza ni watu wangapi walioitazama filamu. Iliyotazamwa na ulimwengu mzima na iliyopuuzwa zililipa sawasawa, mradi mishahara na jukwaa vifanane.

Hilo ndilo lililokuwa miongoni mwa mambo mazito ya mgomo wa mwaka 2023, ulioanza Julai 14 na kumalizika Novemba 9. Chama kilianza kwa kudai asilimia ya mapato ya majukwaa, baadaye kikaomba kiasi kidogo kwa kila mteja, na studio zikakataa yote mawili. Kilichopatikana mwishowe ni bonasi kwa kazi zilizotengenezwa kwa ajili ya majukwaa na kutoka kuanzia Januari 2024. Iwapo katika siku 90 za kwanza watazamaji wamefikia asilimia 20 ya wateja wa jukwaa nchini Marekani, malipo ya marudio ya mwaka huo huongezwa kwa kiasi kilekile, na nyongeza hiyo hugawanywa, asilimia 75 kwa walioigiza katika kazi hiyo na asilimia 25 kwa mfuko wa waigizaji wengine wa kazi za majukwaani. Mimi naona ni hatua ya maana, hasa kwa sababu kwa mara ya kwanza idadi ya watazamaji imeingia katika hesabu. Lakini kizingiti cha asilimia 20 kiko juu mno, na kazi nyingi nzuri zenye watazamaji waaminifu hazitakifikia kamwe.

Wanaosema waigizaji ni matajiri wakumbuke kwamba mwaka 2023 mwanachama alihitaji kuingiza dola 26,470 kwa mwaka ili astahili bima ya afya ya chama, na idadi kubwa ya wanachama hawakuzifikia. Kwa mtu wa aina hiyo, hundi ya marudio ndiyo inayoamua kama atatibiwa au la.

Kwako Mwanafani, kama mkataba wako hauko chini ya chama chochote, hutapata malipo ya marudio isipokuwa yameandikwa. Kifungu cha “popote na kwa muda wote” kinamaanisha kwamba malipo ya awali yamekwisha kununua kila kitu.

Nahodha alijibu:

Nawaheshimu waliotangulia, ila naomba nitofautiane nao kidogo, kwa sababu mjadala huu huelekea kuyaona majukwaa kama mwizi aliyeingia usiku. Nimekaa upande wa utayarishaji kwa muda mrefu, na ninachokijua ni kwamba filamu nyingi hazivuki kiwango chochote cha bonasi katika majumba ya sinema. Bonasi iliyoandikwa kwenye karatasi hupendeza siku ya kutia saini na mara nyingi huishia hapohapo.

Mgao wa faida nao una historia chungu tangu kabla ya intaneti. Mwaka 1950 mwigizaji James Stewart alikubali sehemu ya faida badala ya mshahara wake wa kawaida na akatajirika, na wengi wakatamani kumfuata. Ila waliopewa mgao wa faida halisi, yaani baada ya makato yote, mara nyingi waliambiwa kwamba hata filamu iliyojaza majumba ya sinema haijapata faida. Mwaka 1990 jaji wa California katika shauri la mwandishi Art Buchwald dhidi ya studio ya Paramount aliona kwamba baadhi ya kanuni za ukokotoaji wa faida hiyo zilikuwa za kidhalimu. Kwa hiyo tusiseme kwamba zamani kila mtu alilipwa haki yake.

Jukwaa linapoagiza filamu kwa ajili yake lenyewe, kwa kawaida hulipa gharama zote na nyongeza juu yake, na mwigizaji mwenye jina hulipwa mapema kile ambacho angekingoja kwa miaka. Mtu anayelipwa leo, hata kama filamu itaboronga, amehamishiwa hatari yake kwa mtu mwingine. Ningekuwa mimi ndiye Mwanafani, ningeuliza kwanza kama mtayarishaji yuko tayari kufuta bonasi zote na kunirudishia malipo yangu ya kawaida. Jibu lake litakuonyesha yeye mwenyewe anaziamini bonasi hizo kiasi gani.

Tamthilia alijibu:

Ndugu Nahodha, hoja ya hatari naikubali, na ushauri wako wa mwisho ni mzuri sana. Lakini umesema mwenyewe, “mwigizaji mwenye jina”. Nyongeza ya mapema hulipwa watu wawili au watatu walio kwenye bango. Walio chini yao hupewa kiwango cha chini cha kawaida, kisha huuzwa moja kwa moja pamoja na filamu. Hao hawakuondolewa hatari yoyote, kwa kuwa wanaendelea kuibeba ya kukosa kazi mwaka ujao, na wakati huohuo wameondolewa nafasi ya kunufaika kazi yao ikipendwa.

Mwanafani aliandika:

Nawashukuru wote kwa dhati. Nimemwuliza mtayarishaji swali la Nahodha, naye amesema hawezi kunirudishia malipo yangu ya kawaida, ila yuko tayari kuzungumzia sharti la siku 45. Pia amependekeza kwamba filamu ikienda mtandaoni nipewe asilimia ndogo ya ada ya leseni. Linaonekana jambo la haki, isipokuwa kampuni inayogharimia filamu ina uhusiano wa umiliki na jukwaa la mtandaoni. Je, ada hiyo itapangwa na nani?

Karani wa Mikataba alijibu:

Hilo ni swali zuri kuliko yote katika mjadala huu, na ningeomba usiliache hadi upate jibu lililoandikwa. Muuzaji na mnunuzi wakiwa wa nyumba moja, wanaweza kuandika bei yoyote wanayoitaka, na asilimia yako ya bei ndogo itakuwa ndogo vilevile.

Kuna mashauri mawili yanayoeleza jambo hili vizuri. La kwanza lilihusu tamthilia ya televisheni ya Bones, ya kampuni ya Fox. Waigizaji wake wakuu, Emily Deschanel na David Boreanaz, pamoja na watayarishaji wawili, walidai kwamba Fox iliipatia Hulu, jukwaa la mtandaoni ambalo Fox ilikuwa na hisa ndani yake, haki za kuitiririsha tamthilia hiyo kwa bei iliyo chini ya ile ya soko, na hivyo kupunguza mgao wao. Februari 2019 msuluhishi aliwapa takriban dola milioni 179. Jaji akaondoa dola milioni 128 zilizokuwa za adhabu, na baadaye mwaka huohuo pande zote zikaelewana. Hata baada ya punguzo hilo, kilichobaki kilikuwa makumi ya mamilioni ambayo wasingeyaona kama wasingekuwa na uwezo wa kukagua vitabu na kushtaki.

La pili ni la waandishi, ila somo lake linawahusu waigizaji moja kwa moja. Netflix ilikuwa mtayarishaji na mwonyeshaji wa filamu ya Bird Box kwa wakati mmoja, kwa hiyo hapakuwa na ada ya leseni iliyotoka kwa mtu wa nje. Chama cha waandishi, WGA, kilishikilia kwamba ada ikadiriwe kwa kulinganisha na filamu ambazo wasiohusiana wameuziana, na mwaka 2022 kikatangaza ushindi katika usuluhishi. Msuluhishi aliona kwamba ada inapaswa kuwa juu ya bajeti nzima ya filamu, asilimia 111 yake. Kwa msingi huo waandishi zaidi ya 200 wa filamu nyingine za Netflix walipata nyongeza ya dola milioni 42. Kinachoniuma ni kwamba, kwa maelezo ya WGA, Netflix ilijitetea kwa kutaja kanuni duni ambayo vyama vya waongozaji na waigizaji vilikuwa tayari vimeikubali. Waigizaji wa filamu hizohizo, basi, walihesabiwa kwa kipimo kidogo kuliko watu walioandika maneno waliyoyasema.

Kwako, omba sharti kwamba leseni yoyote kwa kampuni yenye uhusiano na mtayarishaji itahesabiwa kwa bei ambayo wasiohusiana wangekubaliana kwa filamu ya aina hiyo, na kwamba kwa vyovyote ada hiyo haitakadiriwa chini ya bajeti iliyoidhinishwa. Kiwango cha chini kinachotokana na bajeti ni kinga nzuri kuliko maneno “bei ya soko” peke yake, kwa sababu bajeti ni namba iliyokwisha kuandikwa, ilhali bei ya soko itahitaji wataalamu na mawakili kuibishania.

Kisha kuna suala la kujua. Netflix ilianza kutoa ripoti ya saa zilizotazamwa kwa kila kazi Desemba 2023, ikigusa zaidi ya kazi 18,000, na hilo lilikuja baada ya migomo ya mwaka huo. Ulaya imekwenda mbali zaidi kisheria: maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 kuhusu hakimiliki, katika ibara ya 18 hadi ya 20, yanataka wasanii walipwe kwa kiwango kinachofaa na kinacholingana na thamani ya kazi, wapewe taarifa za matumizi ya kazi zao angalau mara moja kwa mwaka, na waweze kudai nyongeza pale malipo yao yanapoonekana kuwa madogo mno ukilinganisha na mapato yaliyofuata. Nchini Ujerumani, mwaka 2020, Netflix ilikubaliana na chama cha waigizaji BFFS na chama cha wafanyakazi ver.di kwamba waigizaji wa tamthilia zake za huko walipwe zaidi idadi fulani ya watazamaji ikifikiwa. Mtayarishaji wako akisema kwamba majukwaa hayatoi takwimu kwa waigizaji, umwambie kwamba yapo yanayozitoa, na kwamba wewe utaridhika kuzipokea kwa masharti ya usiri.

Weka katika mkataba haki ya kupata taarifa ya mapato na utazamaji mara mbili kwa mwaka, na haki ya kuwatuma wakaguzi wako. Soma pia ni muda gani umepewa wa kupinga taarifa baada ya kuipokea, kwa maana mikataba mingi huufupisha, na muda ukipita taarifa huhesabiwa kuwa umeikubali hata kama ina makosa. Ukipata miaka mitatu tangu kupokea kila taarifa, utakuwa na nafasi ya kutosha. Mwisho, angalia kama kuna kifungu cha usuluhishi, na kinamfunga nani. Johansson alikuwa na mkataba na Marvel, ambao ulikuwa na sharti la usuluhishi, naye akaishtaki Disney, kampuni mama, kwa kuingilia mkataba huo, na Disney ikaiomba mahakama shauri lote lipelekwe kwenye usuluhishi wa faragha. Kama kampuni inayogharimia filamu yako si ileile inayotia saini na wewe, omba nayo itie saini ukurasa mmoja wa kudhamini malipo yako ya mtandaoni.